Mafuta ya Kamongo

Tepu yangu ya kupimia imegeuka rangi ya chai kuanzia inchi ya kwanza hadi ya tano. Nimeiosha kwa sabuni ya unga, nimeisugua kwa ndimu, nimeianika juani, na doa halikutoka. Wateja wangu hapa Kosele hudhani ni uzee. Ni mafuta ya kamongo, na yaliingia humo katika miezi minne ambayo mama alikaa kwangu.

Kamongo ni yule samaki mrefu wa kwenye mafunjo, mwenye mapafu. Maji yakikauka hujizika matopeni na kulala humo mpaka mvua irudi. Kwetu ziwani, mwanamke akijifungua na maziwa yakachelewa, hupikiwa supu yake. Mama aliinywa supu hiyo kwa kila mtoto aliyemzaa. Kwa hiyo uvimbe ulipotokea kwenye titi lake la kushoto, hakuna aliyeshangaa alipoanza kutafuta mafuta ya kamongo.

Alikuwa na maelezo yake. Mtoto wake wa mwisho alifariki akiwa na miezi mitano, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, akiwa bado ananyonya. Mama aliamini kwamba maziwa yaliyokosa mnyonyaji yaliganda upande wa kushoto, ambao mtoto yule aliupenda.

“Hiki ni chakula cha mtoto,” aliniambia. “Kinataka kuyeyushwa tu. Hakitaki kisu.”

Mafuta aliyapata kwa mama mmoja wa Muhuru, upande wa Migori, aliyezunguka visiwani na chupa zake. Muuzaji huyo alimpa masharti mawili: apakwe kila alasiri kwa mikono ya binti aliyemzaa mwenyewe, na chuma chochote kisimguse, hata sindano ya daktari. Ndiyo maana alivuka kutoka kisiwa cha Mfangano akaja kwangu. Dada zangu wako mbali zaidi.

Mimi sikumaliza shule. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzirudisha, na mengine nimeyapata vitabuni. Nilikuwa na kitabu cha zamani cha wauguzi, kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni. Ukurasa wa uvimbe wa matiti niliusoma kabla mama hajafika. Ulisema uvimbe mgumu usiosogea upelekwe hospitali bila kukawia. Wa mama ulikuwa mgumu na haukusogea. Nilimsomea siku ya kwanza, nikitafsiri kwa Kijaluo, lugha tuliyoongea sisi wawili.

“Kitabu hicho ndicho kilichokunyonyesha?” aliuliza.

Nikakifunga.

Saa tisa kila siku nilisimamisha cherehani na kufunga mlango wa mbele. Mama alikuwa tayari ameketi kwenye mkeka nyuma ya duka, mapajani ana wavu aliokuja nao, kwa sababu maisha yake yote alikuwa fundi wa nyavu na hakuweza kukaa mikono mitupu. Nilipasha mafuta kwenye kifuniko cha sufuria. Yalinuka matope na moshi. Nilipaka kwa mzunguko, kutoka kwapani kuja mbele, naye alifumba macho na kuongea. Aliniambia kwamba alimkubali baba kwa sababu ya viatu vyake, na baada ya harusi akagundua vilikuwa vya kuazima. Aliniambia jinsi alivyokwenda kisiwa cha Remba kununua omena, dagaa wa ziwani, akiwa na mimba yangu, akatapika njia nzima, na wanawake wenzake wakambandika jina ambalo hakukubali kulirudia mbele yangu.

“Paka vizuri, nyathina,” alisema. Nyathina ni mwanangu. “Lakini maziwa yakirudi, wewe usinikaribie. Una meno.”

Maumivu yalipungua kidogo. Hilo ni kweli na sitalificha. Leo naamini ilikuwa ile mikono yenye joto, na kwamba mafuta ya kupikia yangefanya vivyo hivyo.

Kila Jumatatu tulipima, kila mtu kwa njia yake. Mama alipima kama alivyozoea kupima macho ya wavu: aliweka vidole juu ya uvimbe na kuhesabu. Mwanzoni vilikuwa vitatu, baadaye akasema viwili na nusu. Mimi niliweka tepu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kuandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Nyama ya pembeni ilikuwa imeanza kuwa ngumu, na vidole vyake havikuona tena ukingo ulipo. Tepu iliuona. Inchi moja na nusu ikawa mbili, kisha mbili na robo.

“Tepu inasemaje?”

“Inakubaliana na wewe, mama.”

Nilisema hivyo wiki baada ya wiki. Nilijiambia kwamba sitaki kumvunja moyo. Ukweli ni kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa na mama peke yangu, na nilijua siku nitakayosoma tarakimu zile, alasiri zetu zitakwisha.

Mwezi wa nne tangu aje, aliniomba blauzi nyeupe ya chama cha akina mama kanisani. Fundi mwaminifu angempima upya. Mimi nilikata kitambaa kwa vipimo vya siku aliyofika, kwa sababu vipya vingekuwa kukiri. Alipoivaa, upande wa kulia ulikaa sawasawa. Wa kushoto ulivutika, na kifungo cha pili hakikufika kwenye tundu lake. Mama hakuvuta. Alipitisha vidole kwenye mshono, polepole, kama anayetafuta tundu kwenye wavu.

“Ulipima lini?”

“Ulipofika.”

“Na leo ingekuwa ngapi?”

Nilimletea daftari. Kusoma maneno hakuweza vizuri, lakini tarakimu alizijua. Alishuka nazo kwa kidole, Jumatatu hadi Jumatatu, mpaka mwisho wa ukurasa.

“Mimi nimedanganywa na vidole vyangu,” alisema. “Wewe ulikuwa na tepu.”

Alivua blauzi, akaikunja vizuri, akasema tuondoke asubuhi.

Hospitalini walithibitisha kuwa ni saratani. Daktari, mwanamke wa rika langu, alisema tumechelewa ingawa si sana, kisha akauliza tulikuwa tukitumia nini. Nilipomwambia, aliandika tu. Titi liliondolewa. Siku ya tatu daktari alipokuja kukagua kidonda, mama alimshika mkono.

“Mlipokata, mlikuta maziwa?”

“Hapana, mama. Hata tone.”

Mama aliuachia mkono wa daktari.

“Basi mtoto wangu alishiba,” alisema.

Alitibiwa, akaishi miaka miwili na miezi kadhaa. Sijui miezi minne ile ingempa nini kama nisingeinyamazia. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na hakuna kinachoweza kunijibu. Lakini mwandiko kwenye ukurasa ule ni wangu, na mteja akiniambia mama yake anapaka mafuta ya kamongo, au ya chatu, au ya kenge, mimi humwonyesha daftari kabla sijampima nguo.

Kidonda kilipopona, alirudi kwangu kwa wiki chache. Chupa ya Muhuru nilikuwa nimeimwaga. Siku ya kwanza nilikuwa kwenye cherehani, najifanya sioni saa. Kutoka nyuma ya duka nikasikia mkeka unatandikwa.

“Nyathina,” aliita, “ni saa tisa. Au leo hufungi duka?”

Nilichukua mafuta ya kawaida ya kujipaka, nikayapasha mikononi, nikaanza kwapani kuja mbele, nikipita taratibu juu ya kovu. Tepu niliiacha mezani.