Risasi Iliyoyeyuka Hewani, na Nyingine Iliyotoboa Shuka

Jumanne, tarehe 12 Agosti, ndiyo siku mambo yanapomharibikia Apools Kammies. Baridi ya Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, inauma mpaka kwenye meno. Amelala kifudifudi juu ya changarawe, shavu kwenye kitako cha bunduki, na mbele yake, karibu kabisa, mbweha anaburuta mwanakondoo aliyezaliwa jana.

Anafyatua. Bunduki inalia. Halafu, katikati ya njia, hewani, kinatokea kimstari cha moshi wa kijivu, basi. Mbweha anaruka, anatazama huku na huku, anaokota kitoweo chake. Anafyatuliwa ya pili. Moshi tena.

"Nilidhani ni macho," anasema Apools, mwenye miaka 61. "Nikadhani uzee. Nikadhani hata marehemu mke wangu ananitania. Risasi imetoka, jamani, lakini haikufika!"

Tangu ujana kazi yake ni moja: kuua mbweha wanaomaliza kondoo huku upande wa Fraserburg. Chama cha wafugaji kinamlipa randi 4,200 kwa mwezi, na nyumba ya vyumba viwili. Risasi za dukani hapigi. Anashindilia zake mwenyewe kwenye meza ya jikoni: ganda, fataki, baruti, kisha kichwa.

Kupima baruti kwenye mizani ilikuwa kazi ya mkewe, Sanna. Miaka miwili iliyopita kifua kilimbana. Wakubwa wa ofisi za afya walikuwa wamepunguza magari ya wagonjwa, wao wakalala salama. Gari lilifika watu wakiwa wanachimba kaburi.

Uzito wa kichwa cha risasi hupimwa kwa punje. Apools alizoea vichwa vya punje arobaini, vyepesi, vyenye ngozi nyembamba ya shaba.

"Kile kikigusa kitu, kinasambaratika palepale," anasema. "Kikigonga jiwe, kinafia kwenye jiwe. Na huku kwetu, kijana, tunavuna mawe."

Mwezi wa Julai chama kilipeleka bunduki mjini ikabadilishwe mtutu uliochakaa. Ikarudi inang'aa. Aliyeagiza hakuuliza, fundi hakusema. Apools naye, kwa vile kondoo walikuwa wameanza kuzaa na simu za chama hazikatiki, hakuijaribu kwanza kwenye gunia la mchanga kama ilivyo desturi.

Kumbe mikato ya ndani ya mtutu mpya imesokotwa zaidi, inaizungusha risasi kwa kasi ambayo ngozi nyembamba haistahimili.

"Ni kama tope kwenye tairi la trekta," anaeleza. "Ukienda polepole, linaganda. Ukikimbia, linaruka vipande vipande."

Mwenyekiti wa chama, Bwana Loubser, hakutaka habari za tope.

"Apools, umekunywa?"

"Bosi, mara ya mwisho ilikuwa Pasaka."

"Basi umepofuka. Shika hizi."

Akamtupia boksi la vichwa vya punje sitini na tisa, vyenye ngozi ngumu.

"Hizi hazivunjiki, Bosi. Zikigonga jiwe zinatembea. Nitafutie za katikati, hamsini na tano. Zina ngozi nene kidogo, lakini zinapasuka."

"Dukani hakuna. Kondoo wakimaliza kuzaa tutaona. Kwani unachagua risasi au unachagua mchumba? Piga!"

Jumamosi akapiga. Mbweha alianguka. Risasi ikampenya, ikagonga jiwe nyuma yake, ikapaa juu ya kilima ikipiga mluzi.

Nyuma ya kilima ndiko ziliko nyumba za wafanyakazi.

Apools alikimbia mpaka mapafu yakawaka moto. Akamkuta Lenie Jaftha, mdogo wa marehemu Sanna, anaanika nguo.

"Shemeji, mbona unahema kama punda wa mkokoteni? Leo mbweha ndiye kakuwinda wewe?"

Macho ya Apools yalikuwa kwenye shuka. Katikati, usawa wa kifua, palikuwa na tundu refu, kama la ufunguo.

"Hili lilikuwapo?"

Lenie akaingiza kidole. Vibanio vya nguo vikamponyoka, vikamwagika chini.

"Shemeji," alisema. "Mimi nilikuwa nimesimama hapa. Niliingia ndani tu kuchukua vibanio."

Tangu siku hiyo Apools ameifungia bunduki kabatini. Chama kinasema kondoo wanakwisha, na mwindaji asiyewinda hana nyumba. Kimempa hadi mwisho wa mwezi.

Apools hana makuu. Anataka boksi moja la hamsini na tano, na asubuhi moja ya kujaribu kwenye gunia. "Nikipata hizo, kesho yake niko porini. Lakini hizi nzito sipigi. Wanitoe na godoro langu. Nimeshazika mmoja kwa sababu ya watu wa ofisini, wa pili simziki."

Ijumaa iliyofuata, kwenye kikao cha chama, Lenie aliingia bila kubisha. Akatandaza lile shuka juu ya meza, juu ya vikombe vya kahawa na biskuti zao. Loubser alilitazama tundu, akasema chama kitalipa shuka jipya.

"Sikuja kudai shuka, Bosi," Lenie alimwambia. "Mimi huanika kila Jumamosi, na nyie bado mnataka zile nzito zipigwe. Niambie tu: kesho nisimame upande gani wa shuka?"