Niliomba Maji Mpaka Nikanyimwa

Kuna aibu mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu haina pa kufichwa kwa sababu nusu ya Garissa ilikuwepo ikitazama, na mpaka leo nikipita soko la mbuzi kuna mzee mmoja hunipigia kelele kwa Kiswahili chetu cha Garissa, "Abdi, bado naomba?" na watu wanacheka, basi bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, serikali ikiwasaka waasi wa kwetu, na sisi wenye mifugo tumekusanywa ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na huwezi kupeleka ng'ombe Mto Tana bila ruhusa ya DO, afisa wa serikali wa tarafa. Sasa ruhusa yenyewe ilikuwa imesimamishwa (risasi zililia upande wa mtoni, nani alipiga sisi hatukujua), na ng'ombe wakawa wanalia kwa kiu mchana na usiku. Mama yangu, hooyo, alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wadogo zangu waliishi kwa maziwa hayo, uji wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Wazee wakakaa kikao, wakaamua tukaombe, na msemaji niwe mimi.

Mimi kwa nini? Kwa sababu ya mdomo wangu. Jioni nilikuwa nasoma Kiingereza kwa Mwalimu Mutiso, Mkamba mmoja mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Machakos, na katika maneno yote nililoling'ang'ania ni "ask," yaani kuomba, pamoja na ndugu zake wote. Mwalimu alinieleza kwamba "ask" ni la kila siku, ndilo unaloombea chumvi kwa jirani. "Request" ni la ofisini, limevaa tai. "Beg" ni la mwenye njaa mlangoni pa msikiti. "Plead" ni la aliyebanwa kona. Na "implore" ni la mtu ambaye kisu kimeshafika shingoni. "Haya mawili ya mwisho, Abdi," akasema, "yaache vitabuni." Mimi nikaona ni choyo tu cha mwalimu.

Adeer Nuur, kaka yake marehemu baba, alinionya asubuhi ile tukiwa njiani: "Yule DO anajua Kiswahili, mwambie kwa Kiswahili uje zako." Lakini mimi nikishika neno nimeshika, na nilishaapa kwamba siku hiyo Kiingereza changu kitawanywesha ng'ombe. Nilikuwa hata nimeazima suruali ya mwalimu, mtu mwembamba kuliko mimi (nguo ya kuazima haisitiri matako, nilikuwa naijua methali hiyo kama nyinyi mnavyoijua).

Basi tukafika. DO, kijana wa bara, mgeni kabisa kwetu, alikuwa barazani na kalamu mkononi, askari wawili na bunduki zao pembeni, nyuma yangu wazee, nyuma ya wazee akina mama na kila asiyekuwa na kazi. Nikakohoa. Nikasema kwa Kiingereza, "Sir, we ask for water for our cattle," na yule bwana, bila hata kufikiri, akajibu, "All right," wapelekeni, ila mrudi kabla ya jua kuzama.

Nyinyi mngeondoka, najua. Lakini kwetu jambo zito haliombwi mara moja! Kikaoni, ombi la kwanza ni kufungua mlango tu, na jibu la kwanza, hata likiwa zuri namna gani, ni adabu. Ukikubaliwa haraka hivyo unajua bado hujasikilizwa. Kwa hiyo nikaendelea. Na wazee nyuma yangu, ambao hawakujua Kiingereza hata salamu, walipoona naongeza sauti wakadhani tumekataliwa, wakaanza kuniitikia "Haa! Haa!" kama inavyopasa msemaji aitikiwe.

Kwenye "request" DO akatikisa kichwa. Kwenye "beg" akaweka kalamu chini. Kwenye "plead" akawatazama askari. Nami nikaona sasa ndiyo inamwingia, nikavuta pumzi, nikatoa "implore" kwa sauti ya adhana na kupiga magoti papo hapo, na suruali ya Mwalimu Mutiso ikapasuka nyuma kutoka juu mpaka chini, paa! Askari mmoja akadhani ni kitu kingine, akaelekeza bunduki kichwani kwangu. Akina mama wakapiga kelele, kisha wakaona kilichopasuka, wakacheka.

DO hakucheka. Akasema kwa Kiswahili safi, "Anayeomba maji tu haombi hivi. Mna nini huko mtoni?"

"Bwana, hakuna kitu," Adeer Nuur akasema, jasho linamtoka. "Sisi nataka maji, basi. Huyu kijana nabiga kelele ya shule."

"Mzee," askari wa pili akamwambia, "ruhusa mlishapewa zamani, ni huyu wenu aliyekataa kwenda."

Ruhusa ikafutwa, na askari wakaja kukagua zizi lote, ng'ombe mmoja mmoja, kutwa nzima juani. Nilimwona ng'ombe wa hooyo akipiga magoti, na mimi nimejifunga shuka ya mtu. Hooyo akavua mtandio wake akamfunika, jua lisimpige. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilivaa kikoi changu nikarudi pale barazani peke yangu. Askari wakaniambia DO hana nafasi. Nikasema nitasubiri. Wakanicheka, nikasubiri, wakanifukuza, nikasogea hatua mbili nikasimama tena, jua likapanda, midomo ikakauka, nami nikajiambia hapa nitaanguka lakini sitaondoka. Mwishowe akatoka mwenyewe.

"Leo unaomba nini?"

"Maji, Bwana."

Nikaishia hapo. Wallahi sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule mdomo wangu uliofungwa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Nendeni." Sikumshukuru, niliogopa nikianza sitamaliza. Niligeuka nikakimbia mpaka kijijini, na ng'ombe wakaenda mtoni, wote isipokuwa wa hooyo, ambaye hakuinuka tena.

Siku hizo zimepita lakini kiapo changu kipo: nikikubaliwa, naondoka. Nilipokwenda kuposa, baba wa binti aliposema tu "Nimekubali," nilisimama na kutoka nje bila viatu, chai haijamiminwa, na wakwe zangu wakakaa wiki nzima wakijiuliza wamenikosea nini.