Kaptadori Iliyonukia Udi

Kwenye mlango wa kibanda changu hapa Palma nimeandika kwa rangi nyekundu: PEÇAS ORIGINAIS, yaani vipuri halisi. Natengeneza simu na redio, na hakuna kitu kinachonipandisha mori kama kipuri bandia. Mteja akiniletea betri ya uongo namrudishia, na maneno namwongezea bure. Mke wangu husema ulimi wangu umefukuza wateja wengi kuliko vita. Huenda. Lakini waliobaki wanajua kwamba nikisema kitu ni halisi, basi ni halisi.

Ndiyo maana baba mkubwa aliponiita nyumbani kwake nikamtengenezee gitaa, nilikwenda kifua mbele.

Gitaa lile la umeme lilipiga karibu harusi zote za ghuba ya Tungue wakati mimi bado navaa kaptula. Lilikuwa jekundu; sasa wekundu umebaki mgongoni tu. Tulipokimbia vita hakuweza kulibeba, kwa hiyo aling'oa kaptadori zake akazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na gitaa lenyewe akalisukuma juu ya dari. Kaptadori ndivyo tunavyoziita huku kwa Kireno: zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kuipeleka sauti kwenye spika. Bila hizo, gitaa la umeme ni ubao. Tuliporudi tulikuta nyumba haina mlango wala sufuria, lakini gitaa lipo palepale, popo wamelifanya kitanda.

Tangu turudi, baba mkubwa hakuligusa. Na sasa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Kaka zake wawili walioa tukiwa ukimbizini, kwa dua na sahani ya wali, bila kigelegele, kwa maana siku zile nani angekuwa na koo la kupigia kigelegele. Jambo hilo lilimkaa mama mkubwa rohoni. Safari hii alitaka muziki, tena hakutaka muziki wa mtu mwingine, alitaka wa mumewe. Alinishika mkono mlangoni akaniambia hivyo, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Baba mkubwa naye alikuwa na sharti lake.

"Então, haya basi, mwanangu," aliniambia, "nitapiga kama gitaa litarudi na sauti yake. Lisiporudi, waiteni vijana na kompyuta zao."

Nilimjibu kwamba hiyo si kazi ya kumtoa mtu jasho. Kisha nikaumimina mkebe juu ya mkeka pale barazani, nikaona kaptadori tatu. Gitaa lina nafasi ya mbili tu.

"Baba mkubwa, hii ya tatu imetoka wapi?"

"Aa, mambo ya zamani hayo. Fundi ni wewe." Halafu akaanza kuniuliza bei ya samaki sokoni, yeye ambaye hajanunua samaki tangu aoe.

Kaptadori ya kwanza haikunisumbua. Niliiweka karibu na shingo ya gitaa, ikakaa sawasawa juu ya alama yake kwenye mbao, pale ambapo rangi haikuwahi kuona jua. Matundu ya skrubu yalikutana bila kulazimishwa, na lehemu yake ilikuwa imefifia kama lehemu nyingine zote za ndani. Hiyo ilitoka kiwandani pamoja na gitaa, hakuna ubishi.

Ugomvi ulikuwa kwenye kiti cha pili, huku chini mkono wa kulia unakopiga. Kaptadori mbili ziligombea nafasi moja. Moja ilikuwa safi, ina namba iliyogongwa kwa chini, na waya wake wa kutokea umevikwa kitambaa, kama katika picha nilizozitafuta mtandaoni. Ila lehemu yake ilikuwa inang'aa. Ya pili ilikuwa nyeusi tii, haina namba, na matundu yake yamepanuliwa kwa mkono.

Mtu mwingine angechukua ile safi akaenda zake. Mimi usafi wa kipuri huniudhi. Bandia zote ni safi. Kugonga namba kila mwizi anaweza, kitambaa kinauzwa, na lehemu mpya ni ushahidi wa mkono mgeni. Nikaisogeza ile nyeusi karibu na chuma cha kulehemu ili niilainishe nta yake, ile inayoushika waya usitikisike. Nta ikayeyuka, na harufu ya udi ikatoka, ikajaa baraza nzima.

Sikuhitaji kuambiwa. Zamani, kabla ya kila harusi, mama mkubwa alikuwa akipindua tenga juu ya chetezo na kutandaza nguo za mumewe zifukizwe. Zikishaiva harufu, aliziondoa na kuliweka gitaa. Alikuwa akisema mume wake hawezi kwenda mbele za watu ananukia vizuri huku gitaa linanuka jasho. Nilipokuwa mtoto nilifikiri magitaa yote duniani yananukia vile, na nilipokuja kulishika la mtu mwingine nililidharau.

Basi nikatoa hukumu. Kiwanda kinaweza kuigwa, lakini nani ataiga udi wa mama mkubwa? Nilimwita mwenyewe kutoka jikoni. Akaisogeza kaptadori puani, akafumba macho.

"Ndiyo hii," alisema. "Hii nimeifukiza mimi."

Nikazifunga zote mbili, nikatia nyuzi, nikaunga ampli. Ya shingoni ikaitika vizuri. Ile ya udi ikakaa kimya. Nilitikisa waya, nikabonyeza, nikaipima kwa mita, hakuna kitu.

"La kuvunda halina ubani," mama mkubwa akanitania, akaketi atazame.

"Haijavunda. Waya umekatika ndani. Naifungua."

"Usiifungue," baba mkubwa alisema haraka. "Weka ile safi, inatosha mesmo, inatosha kabisa."

Dakika moja iliyopita alitaka sauti yake ileile, sasa chochote kinatosha. Mimi mtu akiniambia nisifungue kitu, vidole huniwasha. Nikaifungua.

Waya wa ndani haukufanana na wa kwenye picha hata kidogo. Ulikuwa umezungushwa kwa mkono, huku mnene, huku mwembamba, kwa subira ya mtu asiye na pa kwenda. Na kipande kilichoushika kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye plastiki ya rangi ya maziwa, yenye vistari na tarakimu nyekundu. Nimefungua redio nyingi sana katika maisha yangu. Ule ulikuwa uso wa redio, pale mshale unapopita kutafuta stesheni.

Nilijisikia mjinga. Udi ulikuwa umeniambia kaptadori ipi ilikwenda harusini. Haukusema ilizaliwa wapi, na mimi sikuuliza.

Mama mkubwa alininyang'anya kile kipande, akakigeuza juani.

"Redio yangu," alisema.

Habari ya redio ile sote wa ukoo tuliijua. Kaka zake walimpa siku alipoolewa. Siku moja ikanyamaza. Mumewe akamwambia chumvi ya bahari imeiua, akaipeleka Mtwara kwa fundi, na haikurudi. Mama mkubwa hakuwahi kupata nyingine aliyoipenda vile, na mafundi wa Mtwara amewalaani mpaka leo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba mkubwa ilidumu mpaka ndevu zake zikaota mvi.

Mzee akasema yote, macho yakiwa kwenye mkeka. Kaptadori ya kiwandani ya kiti kile cha pili ilikufa siku moja kabla ya harusi kubwa kisiwani Macaloe. Wenzake wa bendi walikuwa wameshakula chakula cha watu, ahadi imetolewa. Alifungua redio, akatoa waya wa transfoma, akauzungusha usiku kucha. Kilichokwenda Mtwara kwa fundi ni ile kaptadori safi, ambayo ilirudi imepona baada ya miezi mingi. Kufikia hapo watu walikuwa wameizoea sauti ya redio, naye pia, kwa hiyo ile ya asili ikabaki mkebeni bila kuona tena moshi wa chetezo.

"Niliogopa kukwambia," alimwambia mkewe. "Halafu miaka ikapita, nikaogopa zaidi."

Mama mkubwa aliinuka akaingia jikoni na kile kipande. Tukasikia vifuniko vya sufuria vikifunikwa kwa nguvu. Mimi nilibaki na gitaa mapajani, nikiwaza kwamba nimeiua harusi kwa bisibisi. Ya asili ilikuwa mbele yangu, nzima, yenye namba. Kwa kanuni yangu ilibidi niifunge niende nyumbani, gitaa litoke kama lilivyotoka kiwandani. Baba mkubwa alikuwa amejikunyata, na nilijua hata nikilijaza dhahabu hatalipiga.

Aliporudi, mama mkubwa alinikabidhi mimi kipande, si mumewe.

"Nimekaa nikidhani redio yangu imekufa," alisema. "Kumbe imepiga kwenye harusi za watoto wa watu wote, mimi tu sikuambiwa. Sasa itapiga ya mwanangu. Ile ya kiwanda rudisha mkebeni."

"Lakini mama mkubwa, ile ndiyo ya asili," nilisema. Niliona aibu neno lilipokuwa bado mdomoni.

"Asili ya nani?"

Waya ulikuwa umekatika karibu na nje, bahati yetu. Nikaunga, nikaizungusha upya, nikaizamisha kwenye nta. Ilipoitika, baba mkubwa alifunika uso kwa viganja, nami nikajifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Siku ya harusi alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alianza vizuri. Katikati ya wimbo wa kwanza vidole vikakosea, vikakosea tena, akaweka kiganja juu ya nyuzi na uwanja ukanyamaza. Nilimwona anatafuta pa kuliegemeza gitaa.

Mama mkubwa alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Hakupaza sauti.

"Mume wangu, mbona unaizima redio yangu?"

Wanawake wakaangua kicheko, baba mkubwa naye akacheka, akarudia wimbo tangu mwanzo. Vigelegele vikapanda, vya harusi tatu kwa pamoja, na sifichi, nililia. Watu wote walisimama kucheza isipokuwa mama mkubwa. Alivuta kiti chake mpaka kwenye spika, akainamisha kichwa, akasikiliza.