Kurithi na Kuridhia

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na selimundu, na mwaka alipotaka kuoa, mimi nilikuwa nikizikuza seli zake katika sahani. Sentensi hiyo huwashtua wageni, kwa hiyo niifafanue taratibu.

Katika miaka hiyo ya tisini nilikuwa mtafiti katika maabara ndogo ya Ruiru, jengo la mabati mekundu lililopakana na mibuni. Kazi yetu ilikuwa kuuchunguza ugonjwa huo kuanzia pale damu inapotungwa. Ndani ya uboho wa mifupa mna seli chache ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na kutokana na hizo huzaliwa chembe zote za damu, nyekundu na nyeupe. Tuliziita seli shina. Tulizipata kwa wagonjwa waliokubali, tukazilisha na kuziweka katika kabati la joto, na baada ya majuma kadhaa zilifanya vishada vyekundu, vidogo kuliko punje ya wimbi. Kila kishada kilibeba kosa lilelile: herufi moja tu ya jeni imekosewa, na kwa ajili ya herufi hiyo chembe nyekundu hujipinda kama mundu zinapopungukiwa na hewa.

Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliokubali. Alikuwa fundi wa redio mjini Thika, kazi ya kukaa, aliyoichagua kwa sababu baridi na mbio vilikuwa vikimlaza kitandani. Siku alipotobolewa mfupa wa nyonga aliuma kitambaa wala hakulia. Alipotoka akaniambia, "Sista, mkizimwaga hizo, sirudi kutobolewa tena." Tangu hapo kila tulipoonana aliuliza, "Wanangu wanaendeleaje? Wamekula?" Wenzangu maabarani walijua ni za nani, nami sikuficha fahari yangu: hakuna sahani zilizostawi kama zake.

Msichana aliyempenda alikuwa mshonaji wa nguo katika mtaa wa Githurai 45. Baba yake alikwisha kufariki, na aliyesimama mahali pake ni baba yake mkubwa, Mkikuyu mkulima wa kahawa wa upande wa Ruiru. Jumapili moja mzee huyo alikuja kwetu, mtaa wa Landless huko Thika, pamoja na binti mwenyewe, kututazama tulivyo. Alikunywa chai, akazisifu chapati za mama, kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi sizunguki," alisema. "Huyu kijana ni mzuri. Lakini tumesikia ako na ugonjwa wa damu, na huo ugonjwa nyinyi mmeridhi."

Baba yangu alitoka magharibi ya nchi akiwa kijana, akajifunzia Kiswahili bandarini Mombasa, na miaka yake yote ya kiwandani Thika alikitunza Kiswahili hicho kama wengine wanavyotunza suti ya harusi. Alisimama.

"Tumeridhia? Nimezika watoto wawili kwa ugonjwa huu, bwana. Leo waniambia niliridhia?"

"Si mimi nasema, mzee mwenzangu. Ni daktari! Baba ameridhi, mama ameridhi, na mtoto naye akaridhi."

"Mama watoto," baba alisema, "mpe mgeni kofia yake."

Mama aliichukua kofia, akasimama nayo katikati ya chumba. Mdogo wangu alikuwa amekodoa macho kama mtu anayeona nyumba yake ikishika moto. Hapo ndipo nilipong'amua tulipokwama. Katika maandishi ya Kikuyu herufi *th* husomwa *dh*, na ulimi uliozoea hivyo hausiti unapofika kwenye Kiswahili.

"Baba," nilisema, "mzee hakusema kuridhia. Amesema kurithi. Kama shamba linavyorithiwa."

"Si ndivyo nimesema?" mgeni alishangaa. "Kuridhi!"

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na yule binti, na mwishowe mama, aliyejikuta amejivika kofia ya mgeni kichwani mwake. Baba aliketi polepole. "Ndugu yangu," alisema, "kwa herufi moja umetaka kuniua."

"Pole, mzee. Mimi hata mbuni wangu huwa unanisikia vibaya."

Neno lilinyooka, ila hofu ilibaki palepale, na ilikuwa hofu ya haki. Mzee alitaka kujua kama watoto wa binti yao watazaliwa wagonjwa. Nilimjibu kwa kadiri ya elimu yangu: mtu huugua akipokea jeni yenye kosa kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mdogo wangu hana nyingine ya kutoa ila hiyo. Kwa hiyo yote yanategemea damu ya binti. Akiwa naye ameibeba upande mmoja, kila mimba itakuwa kama kurusha shilingi hewani. Akiwa hana, watoto wote wataibeba kimya, na hakuna atakayeugua.

"Basi nipimwe," alisema yule binti. Hadi wakati huo hakuwa amezungumza. "Na nikipatikana nayo, mwenye kuamua ni mimi. Si damu ni yangu?"

"Ngai! Mungu wangu!" mzee alisema. "Hata chai sijamaliza."

Mzee na binti walikuja maabarani pamoja. Wakati damu ya binti ikisubiri zamu yake, nilimwonyesha mzee damu ya mdogo wangu chini ya hadubini, halafu nikafungua kabati la joto akaviona vile vishada. Aliinama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo shina yenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mnangoja nini? Kahawa ikiwa dhaifu, mimi napandikiza tawi zuri juu ya shina na inazaa. Toeni jeni mbaya, mbandike nzuri."

Nilimwambia kwamba hilo ndilo watafiti walilokuwa wakilitamani. Katika seli za panya, wenzetu wa ng'ambo walikwisha kujifunza kuigusa jeni moja pale hasa ilipo. Katika seli za binadamu, kilichowezekana zaidi ni kuingiza nakala nzima, nayo hujipachika popote inapotaka. Kuisahihisha herufi ileile mahali pake, hapana. Bado.

"Bado," alilirudia neno, bila kejeli.

Damu ya binti niliipima mara mbili, kisha nikampa mwenzangu aipime bila kumwambia ni ya nani. Haikuwa na selimundu hata kidogo.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa mzee, Ruiru, baba akiwa amevaa tai. Niliyatamka majibu mbele ya jamaa zao wote, kwa Kiswahili kisichokopa neno, na nikaona baba akisogeza midomo pamoja nami kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi wake. Nimewahi kusoma matokeo mbele ya maprofesa. Sikuwahi kusimama nikiwa na fahari kama siku ile.

Lakini mzee alikuwa amebakiwa na swali, na safari hii hakuniuliza mimi.

"Kijana, watoto nimeelewa. Na wewe mwenyewe? Utakaa na huyu msichana wetu kwa miaka mingapi?"

Mama alishika mkono wangu. Swali hilo sisi nyumbani hatukuwahi kulitamka.

"Mzee, sijui," mdogo wangu alisema. "Nilipokuwa chekechea madaktari walimwambia mama nisitarajiwe shuleni. Nilipomaliza shule wakasema tusipange mambo ya mbali. Mimi nimechoka kuwangoja. Nimeamua nioe, wao waendelee kuhesabu."

Mzee alimtazama, akamgeukia mkewe, akasema jambo kwa Kikuyu. Alikuwa akiuliza tutarudi lini kupanda tawi, maana kwao kupanda tawi uani kwa binti ndiko kumposa rasmi. Yule binti alifungua kinywa atutafsirie. Baba yangu, aliyeishi Thika miaka yote hiyo akiapa kwamba hajui hata neno moja la Kikuyu, akamtangulia.

"Jumamosi," alisema.