Kiwanja cha Bondeni Ndani ya Kaldera

Kitu cha kwanza kilichonitia shaka katika video ile ni kwamba hakukuwa na ndege. Dalali alikuwa akizunguka kiwanjani na simu yake, akisifia udongo mweusi, akisifia chemchemi ya maji ya moto iliyokuwa ikifuka pembeni, na nyuma ya sauti yake sikusikia hata ndege mmoja. Baba mdogo aliitazama akiwa sebuleni kwake Chang'ombe, miguu juu ya stuli, soda mkononi. Alikuwa amestaafu ukarani wa kiwandani, na baada ya miaka mingi ya kelele za mashine alitaka kurudi kwao Rungwe akajenge.

"Unaona kijani hicho?" akaniambia. "Hapo hata ukitupa mswaki wa mti unaota."

Mie niliona kijani pande zote isipokuwa katikati, palipobonyea. Pale majani yalikuwa yamekauka kwa duara, kama sehemu ambayo mtu amemwaga maji ya ugali yanayochemka. Nikaomba simu, nikairudisha video nyuma, nikaikuza picha mpaka ikawa vipande vya mraba. Kulikuwa na kitu kidogo cheusi kwenye majani makavu. Pengine jiwe. Pengine kunguru aliyekufa. Najijua nilivyo: mtu akinisalimia kwa uchangamfu naanza kuwaza anataka nini. Ndiyo maana nyumbani kwa baba mdogo, nilikokuwa nikiishi tangu nimalize chuo bila kupata kazi, wasiwasi wangu ulikuwa umeshazoeleka kama mlio wa friji.

Lakini hili nilikuwa nimelisomea. Kiwanja kile kiko kando ya ziwa lililo ndani ya kaldera, yaani mlima wa volkano uliomwaga moto mwingi hadi kilele kikakosa cha kukiegemeza, kikadidimia, pakabaki shimo kubwa. Watu huona maji yametulia na msitu umefunga, wakasema mlima umekufa. Haujafa. Chini kuna joto bado. Ndilo linalochemsha zile chemchemi, na ndilo wataalamu wanalolitafuta kwa kuchimba visima virefu, ili mvuke uje uzungushe mitambo ya umeme. Tatizo ni kwamba ardhi ya namna hiyo hutoa pia gesi ya kabonidayoksaidi. Haina rangi, huwezi kuinusa, na ni nzito kuliko hewa. Usiku usio na upepo hutiririka kama maji na kujaa mabondeni. Aliyesimama anaweza asihisi lolote. Aliyelala chini anaweza asiamke.

Na baba mdogo alipanga kulala chini. Jumamosi angesafiri na fundi wake kwenda kumlipa dalali na kuchimba msingi, na kwa kuwa hamwamini mtu na saruji yake, angejenga kibanda cha mabati pale pale bondeni, atandike mkeka, alinde.

"Baba mdogo," nikasema, "ukilala pale unaweza kufa."

"Kuna wachawi?"

"Kuna gesi."

"Ya kupikia?"

"Hapana. Hiyo hiyo iliyomo kwenye soda yako. Huko kwenu kuna mahali wanaivuna ardhini, wanaijaza kwenye mitungi, inapelekwa viwandani."

Akainua chupa, akashusha nusu nzima kwa mkupuo, akabeua. "Haya, nimekufa?"

Mama mdogo, aliyekuwa mlangoni anachambua mchele, alicheka hadi ungo ukayumba.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Nilimwomba anitumie mipaka ya kiwanja ili nikilinganishe na ramani. "Mipaka ya nini?" akauliza, akaichukua simu yake na kuitia mfukoni. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya kukata, kama anayemjibu mkusanya ushuru.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza, tukiwa uani tunawapa kuku wake chakula. "Baba yako mdogo anasema unakitaka kile kiwanja."

"Mie?"

"Si unasema kuna mvuke wa umeme? Serikali ikija si watu watalipwa fidia? Sasa mtu hana kazi, kasomea volkano, anamtisha mzee asinunue. Hebu ungekuwa wewe, mwanangu, ungewaza nini?"

Ningewaza hivyo hivyo. Hilo ndilo lililoniumiza. Siku nzima nilijichunguza kama kuna pembe ya moyo wangu inayokitamani, na kwa vile nilitafuta sana, nikaanza kuhisi kama ipo. Nikamshuku dalali, nikamshuku fundi, nikashuku hata kicheko cha mama mdogo. Nikajiuliza kama nikinyamaza nitaonekana mwema, kisha nikamwona baba mdogo kichwani mwangu, mkekani.

Siku mbili kabla ya safari, tukiwa mezani, mama mdogo alimpigia dalali akaweka sauti ya nje. Alitaka kuhamisha kuku wake.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Hivi banda nikiliweka pale bondeni, karibu na yale maji, vifaranga si watapata joto la bure?"

Dalali akakohoa. "Kuku wafugie kule juu, mama, kwa jirani."

"Kwa nini? Wanaibwa?"

"Hawaibwi. Unawakuta hapo hapo, wamelala tu. Mbuzi hawana shida, maadamu wamesimama. Mambo ya kienyeji hayo, yana dawa."

Baba mdogo aliweka kijiko chini. "Na mtu je?"

"Mzee wangu! Wewe si utaweka kitanda?"

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliitazama simu, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na shukrani yoyote.

"Mmepanga na huyu?" akamuuliza mkewe.

"Nimepanga na kuku wangu," mama mdogo akajibu. "Wewe nenda kalinde saruji. Sie tunabaki."

Dalali alikuwa bado hewani, akieleza kwamba kama mzee anasitasita kuna mteja mwingine ana watoto wadogo, ameshapapenda. Baba mdogo akamkatia. Akampigia fundi: Jumamosi hakuna safari, amepata udhuru. Hakusema udhuru gani. Halafu akanigeukia.

"Na wewe nisije nikasikia umeenda kununua."

"Sitanunua, baba mdogo."

"Nyie wasomi."

Alimaliza wali wake wote. Mie sikuweza kula. Nilikuwa nawaza wale watoto. Nikamwomba mama mdogo namba, nikatoka uani, nikampigia dalali mwenyewe. Nikamweleza habari ya gesi pole pole, tangu mwanzo, nikamsihi amwambie huyo mteja wake asijenge bondeni, ajenge juu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Msomi," akasema, "usinizungushe. Wewe unataka kwa bei gani?"

Nikamwambia sikitaki kabisa. Akashusha bei.