Nilivyojiandikisha Kuwa Zimwi Mganga

Kwa miezi mitatu mizima, na nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, niliamini kwamba ukijaza asili yako katika mchezo wa kompyuta, jibu lako hupita kwenye waya chini ya bahari, hufika Amerika, hugongwa muhuri, kisha hurudi Mombasa moja kwa moja mpaka ofisi ya vitambulisho. Ukijiandika mwanadamu, u salama. Ukijiandika kitu kingine, shauri yako.

Aliyenipa habari hizo ni fundi wa saa, jirani yangu wa Kibokoni, mtu aliyeweza kufungua saa ndogo kuliko kunguni na kuifunga tena ikitembea. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, utamkataliaje? Na ushahidi alikuwa nao. Kuna kijana, akasema, alijiandika mbilikimo kwenye mchezo. Kitambulisho chake kilipotoka, picha ilionesha paji la uso tu, chini kabisa, na juu yake ukuta mtupu.

"Paji tu?"

"Paji na nywele. Mtu mfupi, kamera ingemfikia wapi? Chukua tahadhari, yakhe."

Nikachukua tahadhari.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, vyumba vya kompyuta ndiyo kwanza vinafunguliwa mjini. Chetu kilikuwa chini ya nyumba kuukuu ya Mji wa Kale, na kuta zake zilikuwa nene hata ungeweza kumficha ng'ombe ndani ya dirisha. Kompyuta nne, feni moja, na feni yenyewe ilielekezwa kwa kompyuta. Sisi wateja tuliachiwa jasho letu. Mwenye chumba tulimwita Ami. Ami akiunganisha simu ili tuingie mtandaoni, mashine ililia kama paka aliyepitiwa na mkokoteni, tukanyamaza sote kwa heshima mpaka ikanyamaza na yenyewe.

Mchezo haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu. Yanakuja maandishi: umesimama darajani, mbele yako pana joka. Unaandika: piga. Yanakuja mengine: umekufa. Watu wa dunia nzima wamo humo kwa wakati mmoja, huyu Uswidi, huyu Kanada, na wote wanakufa kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya usiku, kimenyooka, kimepigwa pasi, lakini kilitosha kuelewa kwamba nimekufa.

Mchana nilikuwa nikiuza leso dukani, jioni nikienda shule ya usiku karibu na Buxton, na Jumamosi baada ya adhuhuri nilikuwa kwa Ami. Wiki kadhaa nilitazama tu, nikisimama nyuma ya kiti cha fundi wa saa. Fundi alikuwa askari wa upanga. Ami alikuwa askari wa upanga. Mtu wa Uswidi alikuwa askari wa shoka, akijiona kaleta mapinduzi. Walifika kwenye lile daraja, wakakatwakatwa, wakafa, wakaanza upya. Nimewaona wakifa darajani mara elfu nane. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza ni nani atakayemfunga mwenzake kidonda.

Siku niliyokaa kitini mwenyewe, fomu ya mchezo iliuliza mambo matatu. Jina. Kazi. Asili.

Kwenye kazi sikufikiri hata kidogo. Nikachagua mganga.

Fundi wa saa alicheka mpaka akashika meza. "Mwanamume mzima! Wenzio wanashika panga, wewe umekaa nyuma unawapulizia dua!"

"Nani amekuua jana?"

"Joka."

"Na juzi?"

"Joka hilohilo. Sasa?"

"Sasa wewe endelea na upanga wako."

Lakini kwenye asili, kidole kilinigandia. Orodha ilikuwa ndefu: mwanadamu, mbilikimo, wale wembamba wa masikio marefu, na chini kabisa, zimwi. Niliikumbuka picha ya paji la uso. Nikamwambia Ami anizimie, nimeumwa na tumbo.

Msinicheke kabla hamjajua nilichokuwa nacho hatarini. Nilikuwa nimeomba kitambulisho. Mtihani wa kumaliza kidato cha nne ulikuwa unakuja, na mwalimu wetu alikwisha tuambia waziwazi: sisi watahiniwa wa nje, asiye na kitambulisho haandikishwi. Nilikuwa nimekesha miaka minne na hesabu za pembetatu, nikisinzia juu ya vitambaa vya watu mchana. Bila kadi ile, miaka minne inakwenda na maji.

Basi nikangoja. Fomu ya mchezo ikawa kiporo, na mimi nikaenda ofisini kuhojiwa.

Aliyenihoji alikuwa bwana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza asili yangu. Nikamwambia mimi Mswahili wa papa hapa kisiwani. Akaniuliza Mswahili wa wapi hasa. Nikamweleza: baba mtu wa Mvita, mama mtu wa Rabai, nyanya mzaa baba alikuja kutoka Ngazija, na babu mzaa mama alikuwa na mjomba ambaye hatumzungumzi. Ukoo wetu, nikasema, ni pilau, bwana. Huwezi kuchambua punje ukasema hii ndiyo iliyoanza.

Hakucheka. Akasema nilete cheti cha kuzaliwa cha babu yangu.

"Bwana, babu yangu alizaliwa kabla vyeti havijazaliwa."

"Basi lete wazee wawili waje waseme wanamjua."

Nikapeleka wazee wawili. Mmoja alimjua babu vizuri sana, akaeleza kwa saa nzima jinsi babu alivyompora mbuzi. Bwana wa kalamu mbili akaandika yote, akafunga faili, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu nione kama imepita.

Nikatoka pale nimevimba kama andazi. Nilizaliwa Mombasa, nikanyolewa Mombasa, nikaanguka kisimani Mombasa nikatolewa na watu wa Mombasa, na bado palitakiwa shahidi. Hasira zile zilinifikisha kwa Ami siku ya pili yake, Jumamosi, bila hata kusalimu vizuri.

"Niwashie ile fomu yangu."

Fundi wa saa akageuka na kiti chake. "Umeshapata kitambulisho?"

"Bado."

"Basi jiandike mwanadamu, ndugu yangu. Mwanadamu hakosei."

"Nimejiandika mwanadamu kila ofisi, na kila ofisi inataka shahidi."

Nikashuka orodha mpaka chini. Zimwi. Mchezo wenyewe ukanisimamisha. Ukaniandikia kwamba zimwi lina mwili mkubwa na akili ndogo, halifai kuwa mganga. Je, nina hakika?

Ami akaja kusoma begani kwangu. "Hata mashine inakuhurumia."

"Zimwi hula watu," fundi akasema. "Tangu lini zimwi likamtibu mtu? Nani atakubali kulazwa na zimwi?"

"Anayekufa darajani kila siku atakubali."

"Na ofisini watakuona! Utaandikwa zimwi, uzae watoto mazimwi, wakienda shule waulizwe babu yao!"

"Waulizwe. Wakitakiwa cheti cha babu, watamkuta. Ndiye mimi hapa."

Nikabonyeza ndiyo. Moyo ulinidunda hadi nikadhani ni ile mashine ya simu. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina la mama yangu, kwamba nimekwisha kujifutia mtihani. Na wallahi, sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Mabwana wee, zimwi lile! Akili lilikuwa halina, kweli; dawa zake mbili kati ya tano zilikwenda upande. Lakini mwili! Waganga wa masikio marefu, joka likiwapumulia tu wanakufa, na wagonjwa wao wanafuatia. Langu lilichomwa, likapigwa mkia, likatumbukizwa mtoni, na bado lilisimama palepale likimfunga fundi wa saa mguu. Jumamosi ya pili tulivuka daraja. Ami alipiga ukelele hadi muuza kahawa akaingia kuuliza nani amefariki.

"Hakufariki mtu," nikamwambia. "Ndiyo habari yenyewe."

Baada ya hapo hawakutoka bila mimi. Nikichelewa, askari sita wa upanga walikaa kando ya mto kama watoto wanaomngoja mama yao sokoni. Yule wa Uswidi aliniandikia kuuliza kwa nini nilichagua vibaya. Nikamjibu kwa Kiingereza cha pasi kwamba sikuchagua vibaya, nilichagua zimwi.

Lakini ofisini sikurudi. Wiki tatu zikapita, zikawa sita, zikawa tisa. Nikipita mtaa ule, nilivuka barabara kama mtu anayemkwepa mkwewe. Mbele ya joka nilikuwa simba, mbele ya lile dirisha la ofisi nilikuwa kuku. Hadi jioni moja mwalimu akasimama mbele ya darasa akasema Ijumaa ndiyo mwisho wa kuandikisha majina.

Usiku ule nilijiuliza swali moja: zimwi gani hili linaloogopa dirisha?

Alhamisi asubuhi nikaomba ruhusa dukani. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Njia nzima nilitunga hotuba. Nitawaambia ndiyo, nilijiandika zimwi, kwa hiari yangu, na akili zangu timamu, hata kama chache. Kwamba zimwi hilo limeokoa watu wengi kuliko hospitali tatu. Kwamba kama nchi hii ina nafasi ya kila mtu ila mimi, basi waandike zimwi kwenye kadi na wanipe, nikafanye mtihani wangu.

Bwana wa kalamu mbili hakuwepo. Dirishani alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, anakula mabuyu kwenye karatasi.

"Sabalkheri, mama."

"Alkheri, mwanangu. Una haja gani?"

Nikaitoa. Hotuba yote, tangu waya wa chini ya bahari mpaka muhuri wa Amerika, mpaka joka. Mama aliacha kutafuna. Nilipofika kwenye wale askari sita, akainua mkono.

"Jina lako?"

Nikamwambia. Akainuka, akaenda kwenye sanduku la mbao, akapekua kadi kwa kidole chekundu cha mabuyu. Akarudi, akaiweka mbele yangu. Picha yangu, uso mzima, na masikio yote mawili.

"Kitambulisho chako kimelala hapa wiki sita," akasema. "Na ofisi hii, mwanangu, haina kompyuta."