Papa Numbi na Boti za Televisheni

Siku ya kwanza Numbi alipofika kwa Asha, alikuja na jambo la kusema. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba katika Kampemba, mutaa wa Lubumbashi, na ndani ya Biblia yake mulikuwa na kadi ya uchaguzi ya muntu mwingine. Asha alisimama mulangoni mwa nyumba yake ya michezo ya video, mukononi manette iliyovunjika, kile kishikio cha kuchezea. Akamuangalia.

«Ni weye ule fundi balisema atakuya? Ingia, papa, bantu banangoya.»

Numbi akasema ndiyo.

Neno hilo moja likamuweka pale miaka miwili. Ufundi alikuwa nao kweli, maana mikono yake ilizoea motere za boti, na manette ni kitu kidogo. Alikaa kwenye kiti nyuma ya televisheni nne, bisibisi mukononi, muntu mutulivu, wa kusali. Adhuhuri Asha alimugawia bukari, ule ugali wa huku. Ikiwa mboga ni samaki, Numbi alikula bukari peke yake na kusema ameshiba.

Muntu wa ile kadi alikuwa Zakari, mudogo wa Asha. Alichuuza samaki wakavu. Alikwenda Luapula, muto wa mupaka na Zambia, katika miezi ambayo serikali inafunga uvuvi, na hakurudi. Kulikuwa na wenye kusema ameoa upande wa Zambia, na Asha aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, kwa kuwa yalimuacha mudogo wake muzima. Lakini Mounira, muke wa Zakari, alibaki katikati. Hakuwa mujane, hakuwa na mume. Mwalimu mumoja alikuja kumuposa mara mbili, na mara mbili shehe akamurudisha kwa upole: tungoje habari kwanza.

Na habari ilikuwa inatengeneza manette. Ni Numbi aliyekuwa ameshika usukani wa boti ya doria siku ile Zakari alipopotea. Kila asubuhi alisali apate kinywa. Kila asubuhi Mounira alimuletea chai, akamuuliza kama amelala vizuri, na kinywa kikafungika.

Vijana walipenda sana muchezo mumoja wa muji mukubwa kando ya bahari. Unaiba, unapiga watu, polisi wanakufuata. Ukikimbilia kwenye mayi, wanaleta boti zao. Juu ya televisheni nyota zinawaka kuonyesha namna unavyotafutwa. Ukijificha vizuri chini ya daraja, zinazimika moja moja, na umesamehewa bila kuomba.

Juma-mosi moja, baada ya alasiri, Sylvain, muosha magari mwenye mudomo mukubwa, alikuwa anawakimbia wale polisi.

«Polisi ya mayi ni bajinga! Muone, banajigonga ku mawe beye benyewe! Papa Numbi, weye mwenye kujua motere, boti ya kweli inafukuzaka hivi?»

«Apana.»

«Sasa namna gani? Ao ulikuwaka unalala mu boti?»

Watu wakacheka. Numbi hakutaka kujibu, lakini mukono wake ulikuwa tayari unachora duara hewani.

«Hatugongake. Tunazunguka. Unazunguka pirogi, ule mutumbwi, mbio, karibu, mayi inapanda, inaingia mule ndani. Muntu anasimamisha, ao...»

«Ao nini? Maliza, papa,» Asha akasema kutoka mulangoni, naye anacheka. «Usituache mu njia.»

«Ao anazama.»

Sylvain akachukua boti ya polisi, akazunguka, akazunguka tena. Ile nyingine ilitikisika tu.

«Haizame! Papa, hii yako ni bongo, unatudanganya!»

«Haiko bongo.» Numbi aliweka bisibisi chini. «Chef wetu wa doria alisema, zunguka tena, bavuvi banajua kuogelea. Nikazunguka. Babili baliogelea. Wa tatu hakukuwa muvuvi. Alikuwa muntu wa huku Lubumbashi.»

Asha aliacha kucheka.

«Wa huku, nani?»

Numbi akafungua Biblia yake, akamupa kadi.

Asha akasoma jina la mudogo wake. Kisha akaomba wote watoke, na Sylvain akatoka nao. Akazima televisheni moja kisha nyingine, zote nne, akakaa chini.

«Zakari iko wapi?»

«Nilimukuta siku ya tatu, ndani ya matete. Chef aliandika ni upepo ulimuzamisha. Nikamuzika mi mwenyewe.»

«Alioshwa?»

«Apana, mama.»

«Ulimulaza namna gani?»

Numbi alianza kulia. «Ku mugongo. Nilisoma Zakari ku kadi, nikafikiri ni wa kwetu, wa kanisa. Nikamuwekea musalaba. Nilitafuta mbao ya muzuri, mama Asha. Nilifikiri ninamupa heshima.»

Asha hakumutukana. Afazali angemutukana.

Kisha magharibi shehe alikuja, na Mounira akaitwa. Shehe aliuliza tarehe mara mbili, akahesabu kwa vidole, polepole. Eda ya mujane ni miezi minne na siku kumi, naye anaihesabu tangu siku mume alipokufa, haijalishi habari imechelewa.

«Yako imekwisha, binti yangu. Ilikwisha mbele ya huyu baba kufika hapa.»

Mounira alikuwa na kanga kichwani, aliyoitayarisha kwa kilio. Mwalimu yule aliyemuposa alikuwa ameoa mwingine huko Kipushi mwaka uliopita. Mounira akamugeukia Numbi, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi.

«Papa, nilikuwa nakuletea chai.»

Asha akamuambia Numbi, bila kumuangalia:

«Kesho asubuhi utatupeleka Luapula. Ule musalaba utaung'oa weye mwenyewe.»

«Ndiyo, mama.»

Usiku huo aliziacha manette zote zikiwa zimetengenezwa, zimepangwa juu ya kiti chake. Hakuna aliyemuambia arudi baada ya safari.